Kisanduku Kitupu: Usomaji wa Jedwali la Usikivu wa Vimelea

Jedwali la usikivu wa vimelea kwa dawa, ambalo watu wa maabara huliita antibaiogramu, ni andiko la ukurasa mmoja lisilo na kitenzi hata kimoja. Upande wa kushoto yameorodheshwa majina ya bakteria: Escherichia coli, Klebsiella pneumoniae, Staphylococcus aureus na wengineo. Juu yamepangwa majina ya dawa. Pale mstari wa bakteria unapokutana na safu ya dawa pana kisanduku, na ndani ya kisanduku pana namba: asilimia ya vimelea vya aina hiyo ambavyo, katika mwaka uliokwisha, vilionekana kuwa sikivu kwa dawa hiyo. Pembeni huwekwa idadi ya vimelea vilivyopimwa. Hakuna nafsi inayosema, hakuna anayesemeshwa, hakuna ushauri. Hata hivyo tabibu aliyesimama mbele ya mgonjwa mwenye homa, ambaye majibu ya maabara yake hayatatoka kabla ya siku mbili au tatu, hulisoma andiko hili kisha akatenda: anaandika dawa hii, anaiacha ile. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba, kwa watoto wenye maambukizi ya damu, kutibiwa kwa dawa ambayo kimelea kilikuwa sugu kwayo kulitabiri kifo. Andiko lisilo na kitenzi linalozaa tendo zito kiasi hicho linastahili kusomwa kwa subira ileile tunayoipa tungo.

Nalisoma kutoka Maisaka, kata mojawapo ya mji wa Babati, na mahali pa kusomea panabadili maana ya kinachosomwa. Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Barabara kuu ipitayo hapa inapanda kaskazini hadi Arusha, na kutoka huko Moshi iliko hospitali ya KCMC. Kusini inashuka hadi Kondoa na Dodoma. Majedwali yanayonukuliwa mara nyingi nchini yametungwa katika hospitali za hadhi ya KCMC, Bugando ya Mwanza na Muhimbili, kwa hiyo msomaji wa Babati amezoea kusoma habari za vimelea vya wagonjwa wa kwingine. Hali hiyo haikuletwa na uzembe wa mtu. Uchunguzi uliohusisha nchi 14 za Afrika, Tanzania ikiwemo, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2022, ulikuta kwamba kati ya maabara zilizohesabiwa ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikipima bakteria. Dawa zenyewe, kwa upande wake, zimefika zamani. Haydom, katika wilaya ya Mbulu humu humu Manyara, ilikuwa kituo kimojawapo kati ya vinane vya utafiti wa kimataifa wa MAL-ED uliowafuatilia watoto tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka miwili, na wastani wa vituo vyote kwa pamoja ulikaribia kozi 5 za antibaiotiki kwa kila mtoto kwa mwaka.

Nianze basi na swali la kiuhakiki: vitenzi vya andiko hili viko wapi? Kabla ya jedwali kuwapo, kuna daftari ghafi, ambalo siku hizi mara nyingi ni faili la kompyuta, lenye mstari mmoja kwa kila kioteshwa. Kwa neno kioteshwa nakusudia kimelea kilichopatikana kwa kuotesha sampuli ya mkojo, damu, usaha au kinginecho, kikatambuliwa jina lake na kupimwa dhidi ya seti ya dawa. Mistari hiyo inaweza kuwa mia au elfu. Kati ya mistari hiyo na ukurasa mmoja wa asilimia kuna kazi ya ufupisho, na kazi hiyo hufanywa na programu ya takwimu. Iliyoenea zaidi ni WHONET, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1989 na kituo shiriki cha Shirika la Afya Duniani kilichoko Boston. Hutolewa bure, na mtumiaji wake huchagua matakwa yake katika orodha za kubofya. Nyingine, ambayo hasa ndiyo ninayoitazama hapa, ni lugha ya R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, pamoja na kifurushi chake kiitwacho AMR, kilichotolewa mwaka 2018 na Matthijs Berends na wenzake wa Groningen, Uholanzi. Katika R mtumiaji habofyi, anaandika. Anatunga hati fupi ya amri zinazofuatana, nami nitaiita hati-amri. Humo ndimo vitenzi vyote vilimobaki: soma, geuza, chuja, ondoa, hesabu, ficha, panga. Jedwali ni matokeo yaliyonyamaza. Hati-amri ni sauti iliyoyatamka. Dai langu ni kwamba viwili hivi ni andiko moja, na kwamba anayechapisha jedwali bila hati-amri yake amechapisha nusu ya kazi.

Amri ya kwanza yenye uzito ni ile inayogeuza kipimo kuwa herufi. Kipimo chenyewe kina historia inayoheshimika. Njia ya diski iliyosanifishwa na Bauer, Kirby na wenzao mwaka 1966 ndiyo bado inayotumika katika maabara nyingi za Afrika Mashariki: kimelea hupakwa juu ya sahani ya chakula cha Mueller-Hinton, vidiski vya karatasi vyenye dawa huwekwa juu yake, sahani hukaa katika joto la nyuzi 35 kwa saa kama 16 hadi 18, na kesho yake mtaalamu hupima kwa rula upana wa duara ambalo bakteria hawakuota kuzunguka kila diski. Hapo tuna milimita. Daktari hata hivyo hahitaji milimita. Anahitaji kujua kama dawa itafanya kazi. Kwa hiyo milimita hulinganishwa na vizingiti, na matokeo huwa S kwa kisikivu, I kwa cha kati, R kwa sugu.

Utunzi unaanza kwenye vizingiti hivyo. Huwekwa na kamati, hasa CLSI ya Marekani na EUCAST ya Ulaya, na kamati hubadili mawazo kadiri ushahidi unavyobadilika. Chukua E. coli na siprofloksasini. Hadi mwaka 2018, kwa kanuni za CLSI, duara la milimita 21 lilihesabiwa kuwa S. Mwaka 2019 kizingiti cha S kilipandishwa hadi milimita 26, na duara la milimita 21 na chini yake likawa R. Kimelea ni kilekile, sahani ni ileile, rula ni ileile. Herufi imeruka kutoka ncha moja hadi nyingine bila kupita katikati. Maabara iliyohifadhi herufi tu katika daftari lake imefungiwa ndani ya kanuni za siku ile, na ikijaribu kuchora mwenendo wa miaka kumi itaona usugu ukipanda kwa ghafla mwaka 2019, wakati kilichopanda ni kizingiti. Iliyohifadhi milimita inaweza kuirudia historia yake yote kwa mstari mmoja wa hati-amri, kwa kuwa amri hiyo ya kugeuza, iitwayo as.sir, hupokea toleo la kanuni kama kigezo cha kutajwa: CLSI au EUCAST, na mwaka gani. Kwangu hiki ni kipengele cha umbo chenye uadilifu mkubwa. Kinamlazimisha mtunzi aandike jina la sheria anayoitumia mahali panapoonekana, na kinamruhusu msomaji ajaribu nyingine.

Kuna hila ndogo zaidi, nayo hunasa hata wasomaji makini. Katika hesabu ya asilimia ya usikivu, herufi I iende upande gani? Mwongozo wa M39 wa CLSI, ambao ndio kanuni ya utanzu huu, unaagiza S ihesabiwe peke yake. EUCAST, kwa upande mwingine, iliipa herufi I maana mpya kuanzia mwaka 2019: kimelea kisikivu, ila dawa itolewe kwa kiwango kikubwa au kwa njia itakayoifikisha kwa wingi mahali penye ugonjwa. Kwa kuwa waundaji wa kifurushi cha AMR waliufuata mkondo wa Ulaya, amri yake ya kuhesabu usikivu, ikiachwa kama ilivyo, hujumlisha S na I. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kuna vioteshwa 30: 18 ni S, 6 ni I, 6 ni R. Kwa M39 kisanduku kitasomeka 60. Kwa chaguo-msingi la kifurushi kitasomeka 80. Hakuna aliyekosea hesabu wala aliyedanganya. Tofauti ya alama 20 imezaliwa na uamuzi ambao mtunzi huenda hakujua kwamba ameufanya, maana ulikuwa umefanywa tayari ndani ya chombo. Mhakiki wa fasihi anaifahamu hali hii: kuna kanuni za utanzu zinazomtungia mwandishi kabla hajashika kalamu, na ukomavu wake huonekana pale anapoweza kuzitaja.

Amri ya pili kwa uzito huitwa first_isolate, na ndiyo niliyoikusudia hasa kuisoma, kwa sababu humo ufupisho unageuka kuwa maadili. Kazi yake ni kuondoa marudio. Mgonjwa mmoja mwenye kidonda kisichopona hulazwa wiki kadhaa. Kila wiki sampuli ya usaha inachukuliwa. Kila mara kinaota kimelea kilekile chenye usugu uleule. Katika daftari ghafi yeye ni mistari sita. Mwenzake aliyepona kwa dawa ya kwanza ni mstari mmoja, kwa sababu hakurudi. Daftari ghafi kwa hiyo lina upendeleo wa asili: wale ambao dawa ziliwashinda wanaongea tena na tena, na wale waliopona wanasema mara moja na kuondoka. Tuendelee na mfano wa kubuni. Wagonjwa ni 30. Vimelea vya 24 ni sikivu na vya 6 ni sugu. Ukihesabu watu, usikivu ni asilimia 80. Sasa wawili kati ya wale sita wachukuliwe sampuli tano za ziada kila mmoja. Mistari inakuwa 40, visikivu vimebaki 24, na asilimia imeanguka hadi 60. Dawa ambayo mgonjwa mpya angeweza kupewa kwa matumaini sasa inaonekana mbovu, na tabibu atapanda ngazi hadi dawa nzito zaidi na ghali zaidi, ambayo kwa kutumiwa hivyo itazidi kudhoofika.

M39 inasema: kila mgonjwa ahesabiwe kwa kioteshwa chake cha kwanza cha aina ile katika kipindi kinachochanganuliwa, bila kujali sampuli ilitoka wapi mwilini. Ukali wa kanuni hii unanivutia. Inafuta ushahidi uliopatikana kwa jasho la maabara. Chakula cha sahani kilitumika, diski zilitumika, mtu alikesha. Inafuta kwa sababu jedwali linajibu swali la mgonjwa ambaye bado hajatibiwa, na kioteshwa cha sita cha mgonjwa wa muda mrefu hakina la kusema kuhusu huyo. Kifurushi cha AMR hakikuridhika na ukali huo mtupu. Hutoa njia nne, na ile ya chaguo-msingi huangalia sura ya usugu: kama kimelea cha pili cha mgonjwa yuleyule kina wasifu wa dawa uliobadilika vya kutosha, huhesabiwa kuwa kipya. Ni werevu wa kweli, nao unalinda ukweli kwamba mtu huweza kuugua mara mbili kwa mwaka kwa bakteria wawili tofauti wenye jina moja. Kwa maabara ndogo hata hivyo napendelea kanuni kavu ya mgonjwa mmoja mstari mmoja, kwa sababu inaweza kukaguliwa kwa penseli na mtu yeyote aliye zamu. Njia ya kuangalia sura ya usugu inataka dawa zilezile zipimwe kila mara, na mahali ambapo diski za dawa fulani huisha kabla shehena nyingine haijafika, wasifu hubadilika kwa sababu ya ghala.

Nifike kwenye kisanduku kitupu. M39 inataka mstari usiwekwe kwenye jedwali kama vioteshwa vyake havijafika 30, na kifurushi cha AMR kimeiweka 30 hiyo ndani ya amri zake: chini ya hapo, badala ya namba, hurudisha pengo pamoja na onyo. Sababu inaonekana vizuri tukipima wigo wa shaka, yaani umbali kati ya kima cha chini na cha juu ambamo asilimia ya kweli inaweza kuwa imejificha. Kwa visikivu 24 kati ya 30, asilimia iliyoandikwa ni 80, lakini kwa njia ya Wilson wigo wa shaka wa asilimia 95 unatoka 63 hadi 90. Kwa 8 kati ya 10, asilimia iliyoandikwa ni ileile 80, na wigo unatoka 49 hadi 94: namba moja inayoweza kumaanisha dawa nzuri sana au kurusha sarafu. Ikiwa vioteshwa ni 300 na visikivu ni 240, wigo unabana hadi 75 na 84. Visanduku vitatu hivi, vikichapishwa bila idadi pembeni, vinafanana kabisa. Hapo ndipo kimya kinapokuwa mbinu ya utunzi. Kukataa kuandika 80 ni kusema jambo la kweli kuliko kuiandika.

Ila ukimya una aina, na umbo zuri lazima lizitofautishe. Kisanduku kinaweza kuwa kitupu kwa sababu vioteshwa ni vichache. Kinaweza kuwa kitupu kwa sababu dawa haikupimwa kabisa. Kinaweza kuwa kitupu kwa sababu hakuna haja ya kupima: Klebsiella ni sugu kwa ampisilini kwa maumbile yake, na enterokoki ni sugu kwa seftriaksoni vivyo hivyo, kwa hiyo kuandika asilimia yoyote hapo ni kupotosha. Na kuna ukimya wa nne, ulio mgumu kuliko yote kuuelewa kwa mtu wa nje. Salmonella katika sahani huweza kuonekana sikivu kwa jentamisini. Duara ni pana, rula haidanganyi, na bado kanuni zinaagiza matokeo hayo yasitolewe kwa daktari, kwa kuwa katika mwili wa mgonjwa dawa hiyo haimponyi. Kipimo ni sahihi na kauli ingekuwa ya uongo. Majedwali mengi niliyoyasoma yanaacha aina zote nne za ukimya zionekane sawasawa, kama nafasi nyeupe au kistari kimoja. Huo ni udhaifu wa tahariri ambao programu haiulazimishi: katika hati-amri kila pengo linaweza kupewa alama yake, R ya kimaumbile, kistari cha kutopimwa, nyota ya uchache. Tabibu anayeona pengo lisilo na alama hulijaza mwenyewe, na mara nyingi hulijaza kwa matumaini.

Kuhusu mpangilio wa ukurasa naweza kwenda haraka. Bakteria wa Gramu hasi na wa Gramu chanya hutenganishwa, na ni vema, kwa sababu dawa zao hazifanani. Dawa zikipangwa kwa koo zake, kuanzia ampisilini, kupitia amoksisilini yenye klavulaniti, hadi seftriaksoni na kisha meropenemu, jicho linalosafiri kutoka kushoto kwenda kulia linapanda ngazi ya nguvu na ya gharama, na msomaji anaona kwa mara moja ni daraja gani lililovunjika. Zikipangwa kialfabeti, uhusiano huo unapotea wote. Rangi ni jambo lingine. Imekuwa desturi kupaka visanduku kijani, manjano na nyekundu, na lugha ya R hufanya hivyo kwa urahisi wa kushawishi. Naliona ni kosa la utunzi. Rangi hukata mpaka mkali kati ya 79 na 80, mahali ambapo tumeona wigo wa shaka una upana wa alama 27. Hutamka kwa sauti kubwa kile ambacho namba imekitamka kwa tahadhari. Kama lazima rangi iwepo, ipakwe kwenye idadi ya vioteshwa, ili weupe wa karatasi uoneshe mahali tusipojua.

Kuna tatizo la ndani zaidi ambalo mpangilio hauwezi kulitibu, nalo ni mistari yenyewe. Jedwali la kawaida linamtaka msomaji aingie kwa jina la bakteria. Tabibu aliye mbele ya mgonjwa halijui jina hilo. Anajua kwamba mama huyu ana homa na maumivu ya mkojo, au kwamba mtoto huyu wa siku nne hanyonyi. Andiko linamkaribisha kwa mlango ambao ufunguo wake bado uko kwenye sahani maabara. Mwaka 2012 ulipendekezwa utanzu mwingine, WISCA, ambao mstari wake ni ugonjwa: kwa maambukizi ya mkojo, bila kujua kimelea ni kipi, dawa hii inategemewa kufunika asilimia ngapi ya wagonjwa? Hesabu hujumlisha usikivu wa kila bakteria kwa uzito wa mara anazosababisha ugonjwa ule, na matoleo ya baadaye, yaliyotumia takwimu za Bayes, hutoa wigo wa shaka pamoja na jibu. Faida yake kwa mahali kama Babati ni kubwa kuliko inavyoonekana mwanzoni, kwa sababu vioteshwa vichache vya bakteria wengi, ambavyo peke yake visingefika 30, vinachangia mstari mmoja badala ya kufutwa. Kifurushi cha AMR sasa kina njia hiyo. Ningependa kuiona ikifundishwa kabla ya ile ya zamani.

Hakuna amri, hata hivyo, inayoweza kumhesabu mtu ambaye hakufika maabara. Mfumo wa maduka ya dawa muhimu ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 umesogeza dawa karibu na watu, zikiwemo antibaiotiki kadhaa, na ni jambo jema kwa mengi. Lakini kwa jedwali lina matokeo yake. Anayeugua Maisaka huanza dukani. Akipona, hatoi sampuli. Asipopona, huenda akarudi dukani tena, kisha zahanati, kisha hospitali, na hapo ndipo, ikiwa gharama inawezekana na vifaa vipo, mkojo wake unaoteshwa. Kioteshwa chake cha kwanza kwenye daftari kimeshapitia dawa mbili. Kwa hiyo kanuni ya kioteshwa cha kwanza, niliyoisifu, huku inafanya nusu tu ya kazi yake: kioteshwa hicho ni cha kwanza kwa maabara, wakati kwa ugonjwa ni cha mwisho. Jedwali litakalotokana nayo litaonyesha usugu mwingi kuliko uliopo mtaani. Dawa ya hili ni safu moja zaidi katika daftari ghafi, ya swali ambalo mpokea sampuli anaweza kuliuliza kwa sekunde chache, kama mgonjwa amekwisha kutumia antibaiotiki katika wiki mbili zilizopita; na mstari mmoja katika hati-amri unaoligawa jedwali sehemu mbili kwa jibu hilo. Mpango kazi wa taifa dhidi ya UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wa mwaka 2017 hadi 2022, uliweka ufuatiliaji kuwa nguzo mojawapo. Safu hiyo moja ingeufanya ufuatiliaji wa mji mdogo usomeke kwa haki.

Limebaki swali ambalo kwa Babati halikwepeki. Hospitali ya mji wa kiasi hiki, ikitenga sampuli za damu peke yake, haitarajii kufikisha Klebsiella 30 kwa mwaka mmoja. M39 inaruhusu njia mbili: kuunganisha miaka kadhaa ya hospitali moja, au kuunganisha hospitali kadhaa zinazofanana kwa mwaka mmoja. Kila njia inadai kisicho kweli. Ya kwanza inachukulia kwamba wakati umesimama. Ya pili inachukulia kwamba mahali ni pamoja. Wengi hupendelea ya pili kwa sababu inaleta namba kubwa upesi, na KCMC ina namba. Mimi ningechagua miaka. Hospitali ya kanda kama hiyo hupokea wagonjwa waliokwisha kushindikana kwingine, na kumchanganya mgonjwa huyo na mwenye homa ya jana kutoka Maisaka hakuachi alama yoyote kwenye asilimia. Kosa linayeyuka ndani ya namba na haliwezi kutolewa tena. Kosa la miaka linaonekana, kwa sababu hati-amri ileile inaweza kuchapisha chini ya kila mstari vioteshwa vilitoka mwaka gani na vingapi, na usikivu wa kila mwaka peke yake hata kama vioteshwa ni vichache. Kwa sampuli za mkojo za wagonjwa wa nje tu, ambao hawajalazwa, ningekubali pia kuunganisha hospitali ya Babati na ile ya jirani, Dareda, kwa kuwa watu wanaofika huko wana masafa, maduka na mifuko inayokaribiana. Na ningetaka kifurushi kizuiwe, kwa amri iliyoandikwa wazi mwanzoni mwa hati, kisijumlishe wodi na nje kwa hali yoyote.